Kwa Nini Nafundisha Nikiwa Nimewapa Mgongo

Ukipita Tinde Jumamosi asubuhi karibu na ukumbi wa kigango utasikia filimbi, na ukichungulia dirishani utamwona mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu ameketi kwenye kiti cha plastiki, amewapa wanafunzi wake mgongo. Huyo ni mimi, Mama Shija. Wageni hudhani nimewanunia. Paroko mpya alipoingia mara ya kwanza alisimama mlangoni kitambo, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna ugomvi ambao angeweza kutusuluhishia. Hakuna ugomvi, wajukuu zangu. Kuna sababu, na nimeona niwaandikie mwenyewe kabla Doto hajawasimulia. Doto akisimulia anaongeza chumvi, ananifanya mjinga kuliko nilivyokuwa, na nilivyokuwa kulitosha.

Kwanza kazi yenyewe. Nilipiga fluti na pikolo katika bendi ya kikosi kimoja cha serikali ambacho sitakitaja, kwa kuwa bado kinanilipa pensheni na sitaki kukiudhi. Fluti ni ile filimbi ndefu ya chuma yenye vibonyezo vingi, inayolazwa pembeni mwa mdomo kuelekea bega la kulia. Shikeni hilo la kulia, tutalirudia. Pikolo ni mdogo wake, inatosha kwenye mkoba wa kanisani, lakini sauti yake inapita juu ya bendi nzima. Nilipowaandikia nyumbani Didia, jirani na hapa Tinde, kwamba nimeajiriwa kupiga filimbi, marehemu baba alitangaza kijiji kizima kuwa binti yake amekuwa refa. Miaka mingi baadaye, nikienda likizo, wazee walikuwa bado wananiuliza kwa nini nilikataa lile goli.

Mtu wa pikolo hana pa kujificha. Tarumbeta ziko nyingi, mmoja akiteleza wenzake wanamfunika. Mpiga ngoma akikosea anatazama angani kama anayewaza. Pikolo iko moja, na iko juu kabisa, kwa hiyo ukikosea hata mbuzi waliofungwa nje ya uwanja wanainua vichwa. Mimi niliwainua mbuzi wengi.

Kuna wakati tulikuwa tunaazimwa kwenda kukaa na watu wa vayolini, ikawa okestra kamili. Katika okestra kazi kubwa ya pikolo ni kusubiri. Unahesabu kimya chako kipimo kwa kipimo mpaka zamu yako ifike, upige kidogo, usubiri tena. Siku moja, Dar es Salaam, nilikuwa nahesabu vizuri mpaka upepo ukaniletea harufu ya pilau kutoka nyuma ya ukumbi. Hesabu ikayeyuka. Nikakisia. Kumbe nilikisia mahali ambapo mtunzi alitaka okestra yote inyamaze, watu wavute pumzi, na katika ukimya huo nikaingia peke yangu, juu kabisa, kwa kujiamini. Kiongozi wa okestra alifumba macho. Mgeni rasmi alipiga makofi.

Aliyekuwa ameketi kando yangu ni Sajenti Athumani, mzee wa Tanga aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Alinifundisha tukiwa bega kwa bega, macho yetu kwenye karatasi moja, na nikiharakisha alinikanyaga kidole cha mguu kwa buti. Usiku ule nilingoja anikaripie. Aliifuta filimbi yake taratibu, akasema, "Umekosea, binti, lakini sauti ilikuwa safi. Siku ukikosea kwa sauti mbaya ndipo tutagombana." Mpaka leo hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya darasa langu.

Alipostaafu aliniachia pikolo yake mwenyewe, si ya serikali, ya mti mweusi. Nilikaa nayo muda mrefu nikiamini ni plastiki bora ya Ulaya, nikiisugua kwa sabuni ya vyombo, mpaka siku aliponitembelea akaikuta imeanikwa kwenye kamba. Alishika kichwa. Ni mpingo, akaniambia, mti wa huku kwetu, umeondoka gogo ukarudi filimbi. Mti huo ukilala juani unapasuka. Ukiupuliza kwa nguvu asubuhi kabla haujapata joto la mkono, unapasuka pia. Tangu hapo naifunga kwenye kitenge, na sikumruhusu mtu yeyote kuigusa, hata Shija mwanangu.

Mambo mengine ya kazi niliyajua kwa njia hiyohiyo, ya kuharibu kwanza. Kwamba fluti ikipata jua sauti yake hupanda, nilijifunza Geita, nilipoisahau juu ya boneti ya lori, kisha tukaanza kupiga na mimi niko juu ya wenzangu wote, wakidhani nawaringia. Kwamba ngozi za vibonyezo zikinata unazikausha kwa karatasi ya sigara, nilijifunza baada ya kutumia poda ya mtoto, ambayo ilimwagikia kamanda. Na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, usiile kabla ya kupuliza. Hapo sitaeleza zaidi.

Sasa tuje kwenye mgongo.

Nilipostaafu niliirudisha fluti ya serikali, nikarudi kwetu na pikolo moja na majivuno mengi. Paroko wa wakati ule akanipa ukumbi, nikapata wanafunzi saba. Fluti hatukuwa nazo. Nikanunua bomba la maji la plastiki, fundi akalikata vipande, tukatoboa tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole. Sauti yake si mbaya. Wiki za mwanzo niliwapulizisha chupa tupu za soda, maana anayeweza kuifanya chupa iimbe ameshapata mdomo wa fluti, kisha nikawakabidhi mabomba.

Kazini nilifundisha kama Sajenti Athumani, bega kwa bega. Lakini hapa nilikuwa mwalimu mwenye ukumbi wangu na ubao wangu. Nikaweka kiti mbele, wao kwenye mabenchi, tukatazamana kama shuleni, nikawaambia, "Nitazameni, fanyeni kama mimi." Nikainua pikolo yangu. Wakainua mabomba yao. Yalipendeza kweli, yote yanaelekea upande ule ule na pikolo yangu, kama mihogo iliyopangwa sokoni.

Yote isipokuwa la Doto. Doto ni mchimbaji mdogo aliyekuwa amerudi kutoka Geita kupumzika baada ya duara lake, yaani shimo la kuchimbia, kukataa kutema dhahabu, na alikuja darasani, kwa maneno yake, ili asisikie karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kichwani. Bomba lake lilielekea kule kwingine.

"Doto, tazama wenzako," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi natazama mkono wako. Wewe umeshika kulia, na mimi nimeshika kulia."

"Umeshika ovyo. Geuza."

Akageuza. Jumamosi iliyofuata akarudia tena, nikamgeuza tena. Nilimgeuza mpaka akakata tamaa. Kwa mwaka mzima nilikuwa na darasa lililonyooka, na nilipowatazama moyo ulijaa sifa.

Nyie mnaocheka mmeshaona. Mimi sikuona. Mtu akikuiga mkitazamana, anakuiga kama kioo. Wanafunzi wangu wote walikuwa wamejifunza filimbi ya kushoto, na yule mmoja aliyekuwa sawa nilimharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Kazini jambo hili halikuwahi kutokea kwa sababu fluti ya kweli haikubali. Vibonyezo vyake vimepangwa kwa kulia, ukiipeleka kushoto vidole vinakosa pa kukaa. Kumbe miaka yote ile fluti yenyewe ndiyo iliyokuwa inasahihisha, mimi napokea shukrani. Bomba la maji halina kulia wala kushoto. Linampokea kila mtu.

Nisingejua mpaka leo kama si Kabula. Huyu ni binti wa Mama Kabula, yule anayeuza dagaa wa Nkome pale sokoni kwetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumfikisha mbali, na filimbi aliipenda kwa namna iliyonitisha. Alikuwa anapuliza hata akichunga meza ya dagaa, wateja wanasubiri amalize wimbo. Siku moja Afande Mabula, ambaye nilimfundisha akiwa kuruta na sasa ndiye kiongozi wa bendi yetu ya zamani, akanipigia simu. Wanachukua wapiga fluti, usaili utafanyika Shinyanga mjini mwezi ujao. Nikamwambia ninaye binti. Akauliza umri. Nilipomtajia akasema, "Basi ni mwaka huu tu, mwalimu. Mwakani atakuwa amepita."

Mwenzangu mstaafu wa Mwanza akatuazima fluti, ikaja na basi. Tukaifungua mbele ya darasa lote. Kabula akanawa mikono, akaiinua kwa heshima, ikaenda kushoto. Vibonyezo vikageukia viganjani. Akahangaika, akaizungusha, akaniangalia.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "hii wameitengeneza kinyume."

Nami, na miaka yangu yote ya bendi, niliichukua nikaikagua kwa sekunde kadhaa nikitafuta kosa la kiwanda. Ndipo nikasikia Doto anacheka pale nyuma. Hakucheka kwa nguvu. Alicheka kama mtu aliyesubiri muda mrefu.

Niliketi. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hofu, kwa sababu aibu ilikuwa yangu lakini hasara ilikuwa ya Kabula. Alikuwa na nafasi moja, nami nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima kuikosa.

Nikaenda sokoni kumwambia mama yake. Mambo kama haya huambii kwa simu. Nilimkuta anapepeta dagaa, nikamweleza, akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Mama Shija," akasema, "mimi kwa mkono wa kushoto hata chenji sipokei. Wewe umeenda kumpa mwanangu filimbi ya kushoto?"

"Ndiyo, Mama Kabula."

"Sasa mwaka mzima alikuwa anajifunza nini?"

Hilo swali nililijibu kabla sijalifikiria. "Kupumua. Na mdomo, na masikio. Hivyo havina kulia wala kushoto."

Akanitazama sana. "Basi hiyo mikono mrekebishie," akasema. "Mimi nilimwacha kwako, na bado yuko kwako." Kisha akanifungia dagaa kwenye gazeti, na kwa namna fulani hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Kesho yake niliketi na Kabula ukumbini. Nikajaribu kumwelekeza tukitazamana, lakini kila alipopata wasiwasi alikitafuta kile kioo chake na fluti ikaenda kushoto. Nikajaribu bega kwa bega, akawa anageuza shingo kunitazama usoni, na shingo ikigeuka mdomo nao unahama. Mwishowe kwa hasira, si kwa akili, nikakigeuza kiti, nikampa mgongo. "Haya. Kulia kwangu ni kulia kwako. Fuata."

Akafuata.

Na hapo nikagundua jambo lililonitia aibu kuliko la mikono. Mwaka mzima nilikuwa namtazama Kabula, sijamsikiliza. Nilikuwa nafurahia mistari iliyonyooka. Sasa nilikuwa naona ukuta na picha ya mtakatifu, basi, ikabidi masikio yafanye kazi. Nikasikia anavuta pumzi ya mabegani, fupi, katikati ya sentensi ya wimbo. Nikasikia anaogopa noti za juu kabla hajazifikia. Nikasikia pia kwamba sauti yake ya chini ilikuwa nzito na ya joto, sauti ambayo mimi sijawahi kuipata. Nililia kidogo, na nikashukuru kwamba haoni.

Tukafanya hivyo kila siku. Mama Kabula akawa ananiletea taarifa za nyumbani. "Jana kashika mwiko wa ugali kama filimbi, ukaenda kushoto, nikamnyang'anya." Baada ya muda akaja na habari nyingine: "Leo ufagio umeenda kulia."

Siku ya usaili niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa heshima ya uzee. Ndani kulikuwa na meza, Afande Mabula na wenzake wawili nyuma yake. Kabula akaingia, akasalimu, akatoa fluti. Akawatazama wale watatu waliokuwa wanamtazama. Nikaona mikono yake inapanda, na fluti inaelekea kushoto.

Mmoja wa wale wawili akaziba mdomo kwa kalamu. Kabula akaishusha. Akaiinua tena, ikaenda kulekule. Nilimfahamu, alikuwa anakitafuta kioo, na mbele yake kulikuwa na nyuso tatu. Akaanza kutazama huku na huku, mpaka macho yake yakanifikia mlangoni.

Nikageuka. Sikuwa nimepanga, wala siwezi kusema nilifikiri. Nilimpa mgongo, nikainua mikono yangu mitupu kulia, kama mtu aliyeshika fluti, pale barazani mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri foleni ya huduma nyingine. Mmoja wao akasogea pembeni.

Nyuma yangu nikasikia pumzi, ndefu, ya tumboni, na noti ya kwanza ikatoka chini kabisa, nzito, ile sauti yake. Akapiga wimbo wote. Mahali pamoja alikosea, kidole kilichelewa, nikakunja uso, lakini pumzi haikukatika. Sikugeuka mpaka alipomaliza.

Afande Mabula akauliza, "Nani kakufundisha kupumua hivyo?"

"Yule pale, afande," Kabula akajibu. "Anayetupa mgongo."

Wakamwambia aende nyumbani, atasikia. Ilikuja simu Jumapili tukitoka misa. Mama Kabula aliipokea, akasikiliza, akaketi chini pale pale kwenye ngazi za kanisa na nguo yake nyeupe. Siku ya safari nilimpeleka Kabula stendi. Fluti ya Mwanza ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Nikatoa kitenge kwenye mkoba.

"Mayu, hii si hairuhusiwi kuguswa?"

"Ilikuwa hairuhusiwi. Usiianike juani, na usiioshe kwa sabuni."

Waliobaki nimewageuza mmoja mmoja, isipokuwa Doto. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa, nikamwambia alikuwa sawa tangu mwanzo, sasa arudi kulia. Amekataa. Anasema ameshahama mara moja kwa amri yangu, hahami tena, na bomba halilalamiki. Anapiga kushoto, na anapiga vizuri, jambo linaloniudhi.

Mwaka huu bendi ilikuja Shinyanga kwa sherehe. Nilienda mapema nikapata nafasi mbele, karibu na kamba. Wakaja wakipiga, viatu vinang'aa, na katika safu ya mbele nikamwona Kabula na kofia yake, pikolo mdomoni. Moyo ukanipasuka. Pikolo ilikuwa inaelekea upande usio sahihi. Nilikaribia kupiga kelele. Nilishafikiria watu wote wale, na jina langu, na mama yake aliyekuwa amesimama kando yangu na mtandio mpya.

Kisha nikakumbuka kwamba tulikuwa tunatazamana. Miaka yote ya bendi nilikaa ndani ya safu, sijawahi kuitazama kutoka mbele, na macho yangu yalikuwa bado yanadanganyika kama siku ya kwanza. Basi nikafanya ninachokijua. Nikawapa mgongo.

"Bibi," kijana mmoja akaniambia, "bendi iko huku."

"Najua ilipo."

Nikaisikia ikipita nyuma yangu, tarumbeta, ngoma, na juu ya vyote pikolo ya Sajenti Athumani. Karibu kabisa na tulipokuwa, alikosea noti moja. Mbele yangu, mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo akainua kichwa. Sauti ilikuwa safi.